Kivinjari Gani kwa Shughuli Gani: Kulinda Siri za Mwananchi Mtandaoni



Juni 30, 2023, serikali ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen. Pasipoti na cheti cha mwenendo mwema sasa huombwa huko. Kijana wa Ganze au Magarini huchagua chuo kupitia KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB mtandaoni, naye mwenye duka Mtwapa huwasilisha ushuru wake kwa iTax. Wote hupitia mlango mmoja: kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti ambayo wengi huiita brauza.

Mlango huo huona kila kinachopita: nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nenosiri, hata jina la ugonjwa ambao mtu ameutafuta usiku kwa siri. Kwa hivyo suala si kivinjari kipi kinashinda vyote, bali kipi kinafaa kwa shughuli ipi.

La kwanza ni usasa wake. Kila kivinjari hugunduliwa kuwa na nyufa za usalama, na kampuni huziziba kwa kutoa toleo jipya. Asiyesasisha hubaki na nyufa ambazo wezi tayari wanazijua. Mwaka 2025 Google iliacha kutoa matoleo mapya ya Chrome kwa simu za Android 8 na 9. Simu hizo bado zinawaka na kupiga, lakini si za kufanyia mambo ya benki wala ushuru kwa Chrome hiyo. Toleo la simu huonekana kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu". Mwenye simu kama hiyo anaweza kutumia simu mpya ya mtu wa nyumbani anayemwamini, au kufika Kituo cha Huduma mjini Kilifi.

La pili ni umbea. Kurasa nyingi huacha vidakuzi, alama ndogo zinazomfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine ili kampuni za matangazo zimjue. Google, wenye Chrome, huishi kwa matangazo; mwaka 2020 walitangaza kwamba wataondoa vidakuzi vya watu wa nje, na mwaka 2024 wakabadili nia. Firefox, ya shirika la Mozilla, imezuia wafuatiliaji wanaojulikana bila mtumiaji kubonyeza chochote tangu 2019. Safari ya simu za iPhone huzuia vidakuzi vya watu wa nje tangu 2020, na Brave nayo huzuia. Vyote hivi havilipishwi. Faida ya pili ni kwamba matangazo na wafuatiliaji hula bando, kwa hivyo akiwazuia, mtu huokoa pia salio.

Kuhusu bando, Opera Mini inapendwa na wengi kwa sababu hutumia data kidogo. Siri yake ni kwamba, katika hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa hupitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni hiyo, hufunguliwa na kupunguzwa, kisha hutumwa kwenye simu. Opera yenyewe imeeleza hivyo. Kwa habari, matokeo ya mpira na bei za bidhaa hakuna ubaya. Kwa nenosiri la benki au eCitizen, inafaa kuzima hali hiyo au kutumia kivinjari kingine, ili siri isipite mikononi mwa mtu wa tatu.

La tatu ni hali fiche, ambayo wengi huielewa vibaya. Hali fiche humficha mtu kwa anayekuja kutumia kifaa kilekile baada yake. Haimfichi kwa tovuti anayotembelea, kwa kampuni ya mtandao, wala kwa mwenye Wi-Fi ya hoteli. Nchini Marekani watumiaji waliishtaki Google mwaka 2020 kwa jambo hilo, na mwaka 2024 kampuni ikakubali katika mapatano kufuta kumbukumbu nyingi ilizokuwa imekusanya.

Hata hivyo, kwenye saiba ndipo hali fiche hufaa zaidi. Mteja aifungue kabla ya kuanza, akatae kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nenosiri, atoke kwenye akaunti akimaliza, na afute nakala za kitambulisho zilizobaki kwenye kompyuta. Asimwachie mhudumu nenosiri "amalizie baadaye". Anayeingia kwenye akaunti ya KUCCPS ya mwanafunzi anaweza kumbadilishia kozi alizochagua.

La nne ni anwani. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa, huduma zilikwama kwa siku kadhaa. Mtu mwenye haraka siku kama hizo ndiye hubonyeza kiungo chochote anachotumiwa. Hakuna kivinjari kitakachomwokoa anayeandika nenosiri lake kwenye ukurasa bandia. Anwani isomwe mpaka mwisho: kwa tovuti nyingi za serikali, sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti huishia kwa .go.ke, kama ecitizen.go.ke au kilifi.go.ke. Ikiendelea na maneno mengine baada ya go.ke, si ya serikali. Nayo alama ya kufuli huonyesha tu kwamba njia imefungwa. Haisemi ni nani aliye upande wa pili.

Faragha ni haki chini ya Ibara ya 31 ya Katiba. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na uchunguzi wa malalamiko unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90. Kuingia kwenye akaunti ya mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, na huripotiwa polisi.

Leo kabla ya kulala, kila mwenye simu aangalie jambo moja tu: kivinjari chake kilisasishwa lini. Akiwa na mzee nyumbani asiyejua kuangalia, amwangalilie na yake.