Mpangaji wa Magomeni Naye Ahesabiwe



Ukishuka mwendokasi Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, ukaingia ndani mtaa mmoja au miwili, bado utazikuta nyumba za Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, choo uani. Nyumba moja, kaya sita. Muuza mitumba wa soko la Karume, fundi cherehani, mama ntilie, mwalimu wa shule ya msingi. Umeme wa Luku wanachangia, na mtoto akizidiwa usiku, yupo wa kugongewa mlango.

Tangu mabasi hayo yaendayo haraka yaanze Mei 2016, viwanja vya kandokando ya Barabara ya Morogoro vinagombewa. Mwendokasi naupenda. Kufika Posta, katikati ya jiji, bila kusota kwenye foleni ni haki ya mtu wa Manzese sawasawa na wa Masaki. Kinachoniuma ni nani anayelipia maendeleo haya.

Nyumba inapouzwa, wanaokaa kikao ni mwenye nyumba, dalali na mnunuzi. Mwenye nyumba simlaumu. Mara nyingi ni mirathi, na kila mrithi anataka chake. Lakini mpangaji huambiwa kwa mdomo tu, mwisho wa mwezi atoe vyombo. Ghorofa likisimama, kodi inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Mama ntilie anahamia mbali, Chanika. Wateja wake wamebaki Magomeni, kwa hiyo kila alfajiri anapanda daladala na masufuria yake, na nauli inakula faida ya chapati.

Sasa tazameni Magomeni Kota, hapo hapo jirani. Wale nao walikuwa wapangaji, kaya 644, waliovunjiwa nyumba kupisha mradi. Walisubiri miaka mingi, kwa uchungu. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akazindua makazi 656, wao wakiwa wa kwanza kupewa. Walikaa kwenye nyumba za umma, majina yao yanajulikana, kaya kwa kaya. Ndiyo maana waliweza kudai, wakasikilizwa. Mpangaji wa chumba cha mtu binafsi, mita mia tatu kutoka hapo, hana daftari lolote linalomtaja.

Naomba aandikwe. Ofisi ya serikali ya mtaa tayari inampa barua ya utambulisho. Ishike pia nakala ya mkataba wake. Nyumba ikiuzwa, apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na kodi aliyokwisha kulipa arudishiwe. Na halmashauri isitoe kibali cha kujenga ghorofa mahali penye wapangaji mpaka mwenyekiti wa mtaa athibitishe kwamba kila kaya imepewa notisi hiyo na kurudishiwa fedha zake.