Kura ya Nchi Moja, Mfuko wa Nchi Zote

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini, Macalder)



Sisi wa Macalder tuko karibu na Tanzania kuliko Nairobi. Anayepeleka bidhaa Sirari hubeba shilingi za aina mbili, na kila anapobadilisha hupunguka kidogo. Wazee wanakumbuka enzi za shilingi moja, iliyotolewa tangu mwaka 1921 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ikatumika Kisumu, Musoma na Kampala bila kuulizwa. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha zake.

Tunaambiwa zitaungana tena. Itifaki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Sarafu ilitarajiwa mwaka 2024, ukapita, nayo tarehe ikasogezwa hadi 2031. Hatuupingi muungano huo. Tunauliza tu: uchaguzi wa nchi moja ukiendeshwa kwa hila, gharama atailipa nani?

Sisi Wakenya tunalo jibu. Kuelekea uchaguzi wa vyama vingi wa tarehe 29 Desemba 1992, fedha zilimwagwa nchini kama maji. Katika sakata ya Goldenberg, serikali ilitoa fidia kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. (Enyi wachimbaji wa Macalder, mnaojua jasho la gramu moja, hebu pimeni dhahabu ya makaratasi!) Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifikia asilimia 46, na dola iliyokuwa shilingi 36 hivi mwisho wa 1992 ikafika 68 hivi mwaka mmoja baadaye. Mama wa hapa alizilipia kampeni zile kila aliponunua sukari.

Shilingi ya jirani yetu wa Tarime ilikuwa na benki kuu yake, hivyo ufujaji wetu haukuishusha. Laiti sarafu ingekuwa moja, angelipia uchaguzi ambao hakuupigia kura, wala hangekuwa na mbunge wa kumlalamikia.

Watetezi wa itifaki hutuonyesha masharti yake: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti asilimia 3 ya pato la taifa, na deni asilimia 50. Ni masharti mema. Lakini takwimu huandikwa na serikali ileile inayotafuta kura. Ugiriki ilikuwa ndani ya yuro, yenye masharti kama hayo. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2009, serikali mpya ikafichua kwamba nakisi ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyotangazwa, na nchi zote za yuro zikatikisika.

Nasi hata bila sarafu moja tumewahi kuwaumiza jirani. Mapema mwaka 2008, reli ilipong'olewa Kibera na barabara kufungwa, mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda.

Basi tunaomba kwamba, kabla sarafu haijaunganishwa, iandikwe katika sheria ya Jumuiya kuwa hesabu za kila serikali zitakaguliwa na kuchapishwa kabla ya kampeni kuanza, na kwamba wakaguzi watoke nchi zote wanachama. Karatasi za kutia sahihi ziko mezani, karibu na mlango. Zitapelekwa kwa wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha.