Nani Atamlea Mwana, Mama Akiwa Kazini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Nataka kusema juu ya jambo tulionalo kila alfajiri. Mama wa Kawangware huenda kwa miguu hadi Lavington kutafuta nguo za kufua. Wa Kibera hushika njia ya Kilimani au ya Eneo la Viwanda. Kabla ya kuondoka yampasa aamue: mtoto mchanga amwache kwa nani? Akimlipa mlezi wa jirani shilingi 50 au 100, na siku hiyo asipate kazi, hurudi na deni. Asipokuwa na kitu, humwachia binti yake wa miaka 9, naye binti akakosa shule. Hivyo watoto wawili hupata hasara.

Wako watakaosema kwamba kulea ni kazi ya jamaa, si ya Serikali. Neno hilo lina haki yake, na wahenga walinena: mkono mmoja haulei mwana. Lakini nyanya aliyekuwa mkono wa pili amebaki shamba. Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vituo vya malezi ya watoto miongoni mwa kazi za kaunti. Basi hatuombi sadaka. Twaomba kazi iliyokwisha kugawiwa ifanywe. Na mama auzaye mboga sokoni hulipa ushuru wake kwa Kaunti kama mtu mwingine.

Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya vituo vya malezi, ili viandikishwe na kufuata kanuni. Sheria hiyo ni njema. Lakini mlezi mwenye chumba kimoja cha mabati atatengeneza dirisha na choo kwa fedha gani? Akipandisha malipo, akina mama watashindwa. Akifunga mlango, watoto watabaki nje. Kanuni isiyofuatwa na fedha humwangukia maskini.

Wala jambo hili si gumu kupita kiasi. Mwaka 2023 Kaunti na washirika wake walianzisha mpango wa chakula shuleni uitwao Dishi na County: mzazi atoe shilingi 5 kwa mlo, na gharama iliyosalia ilipwe na wao. Mtoto wa miezi 6, asiyekwenda shule, hakuwamo katika mpango huo, naye huona njaa vilevile.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta shauri. Bajeti hupitishwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na sheria yataka wananchi wasikilizwe kwanza. Twende tukaombe mambo mawili: sehemu ya malipo ya mlezi itoke katika fedha za umma, na walezi wafundishwe na kusaidiwa kutengeneza vyumba vyao. Lakini kwanza tuhesabu, kijiji kwa kijiji, walezi ni wangapi na watoto wangapi, tusije tukaenda na maneno matupu.