Mtoto Kanyamaza, Fomu Imeandika "Hajui"

Wanafunzi mlioketi huko nyuma mkihofu kwamba nitawasema: nitawasema kidogo.

Tasnifu ninazoletewa kuhusu fikra na mahusiano ya watoto wa chekechea zinafanana mno. Mtafiti anafika shuleni na barua ya kibali, anakabidhiwa mtoto wa miaka minne, anamkalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya darasa. Mtoto anasema "Shikamoo", anajibiwa "Marahaba", kisha anainamia vidole vyake vya miguu. Swali la kwanza, kimya. La pili, kimya. Fomu inaandikwa "hajui", na sura ya tano inapendekeza serikali iongeze zana za kufundishia.

Kimya hicho kimewahi kuchunguzwa: miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Watoto walisimuliwa hadithi fupi, wakatakiwa wamsimulie mtu mzima hadithi hiyohiyo. Wadogo wengi hawakufungua mdomo. Kwao, mtoto mbele ya mkubwa husikiliza na kutumwa; hatakiwi kutoa maelezo. Makala yao ya 1977 iliuliza kwa nini watoto wa Afrika ni wagumu kupimwa, na jibu walilikuta kwenye malezi.

Msidhani ni mambo ya Afrika peke yake. Mwaka 1974, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh waliwapangia watoto wa miaka 4 hadi 6 safu mbili za vitu, idadi sawa, jaribio walilolirithi kwa mwanasaikolojia Jean Piaget. Mtu mzima aliponyoosha safu moja na kuuliza tena, wengi walisema sasa idadi si sawa. Dubu mtukutu wa kuchezea alipoivuruga, wengi wakajibu sahihi. Mkubwa akigusa kitu kisha akarudia swali lilelile, mtoto yeyote mwenye akili ataona kwamba jibu la kwanza halikumridhisha.

Halafu kuna Wanso wa Kamerun. Mtafiti Bettina Lamm na wenzake waliwapa watoto wa miaka minne, wa Kinso na wa Kijerumani, kitafunwa kimoja: ukingoja, unapata viwili. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Kinso walingoja. Wa Kijerumani hawakufika asilimia 30. Baadhi ya Wanso walisinzia palepale mezani! Siwaweki Wanso na Wakipsigis kapu moja, lakini angalieni: utii kwa mkubwa, ambao Kokwet ulimfanya mtoto aonekane hajui, kwa Wanso unaelekea kumfanya aonekane hodari wa kujizuia. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Basi mwanafunzi afanye nini? Akae shuleni siku kadhaa kabla ya kutoa fomu, agawe uji, azoeleke. Mtoto aulizwe na mtoto mwenzake. Mwanafunzi mwenyewe aketi karibu na wanaocheza baba na mama, kalamu mkononi, mdomo kimya. Binti anayefukia "hela" za majani chini ya kopo na kumnong'oneza mwenzake "usimwambie baba" ameshatuonyesha anajua kwamba kichwani mwa mwingine hamna kila kilichomo kichwani mwake. Umri huo, hayo si madogo. Tena hapo utaona nani anagawa vyeo vya mchezo, nani anasusa, nani anambembeleza aliyesusa. Hojaji haiyapati hayo.

Ndiyo, kazi ya namna hii ni ngumu kuijazia majedwali, na muda wa tasnifu ni mfupi. Afadhali watoto wachache waliosikilizwa.

Wasimamizi wenzangu, nawaomba jambo moja: msipitishe pendekezo la utafiti lisiloeleza ni nani atakayemwuliza mtoto, kwa lugha gani, na kama mtoto huyo amezoea kuulizwa maswali na mtu wa aina hiyo.