Sokwe Hamsubiri Mwanafunzi: Masharti ya Uzamivu wa Baiolojia Yakitazamwa Kutoka Kigoma

Mada iliyowasilishwa kwa walimu wa sayansi, wahitimu wa vyuo na wasaidizi wa utafiti, Rusimbi, Kigoma



Kila yanapozungumzwa masharti ya uzamivu hapa Kigoma, swali la kwanza huwa lilelile: mbona Jane Goodall alipata udaktari bila digrii? Ni swali la haki, tusilikwepe. Alifika Gombe kuchunguza sokwe Julai 1960, akiwa ametafutiwa kazi hiyo na Louis Leakey, na masomo aliyokuwa nayo baada ya shule yalikuwa ya ukatibu muhtasi. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampokea moja kwa moja kwenye uzamivu, nafasi waliyowahi kuipata watu wachache sana.

Watu husimulia mlango alioingilia, lakini yaliyomkuta ndani hawayasemi. Alipaswa kuacha sokwe wake na kwenda kukaa Cambridge kwa mihula. Wakubwa wa fani walimlaumu kwa kuwapa wanyama majina badala ya namba, na kwa kusema kuwa wana tabia na hisia. Msimamizi wake, Robert Hinde, alimfundisha kuandika aliyoyaona kwa namna ambayo mkosoaji hatapata pa kushika. Tasnifu yake ikapita katikati ya miaka ya 1960. Alisamehewa cheti, kazi hakusamehewa.

Kwa kijana wa leo njia hiyo haipo, na sidhani kama inafaa kuililia. Kwenye mfumo wa tuzo wa Tanzania uzamivu ni ngazi ya 10, ya juu kabisa, na kwa kawaida huifikii bila umahiri. Unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya idara, unatafuta vibali. Ukigusa wanyamapori utapita tume ya sayansi, COSTECH, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, na ukiingia hifadhini, shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, pia. Kisha kuna kazi ya uwandani, tasnifu, watahini wa ndani na wa nje, na siku ya kusimama kujieleza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina njia ya tasnifu pekee na njia ya kozi pamoja na utafiti, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha nayo inafundisha ngazi hii. Jirani zetu wa Kenya, kwa miongozo ya mwaka 2014, walitaka mtahiniwa awe na makala mbili kwenye majarida yenye wahakiki. Haya yote mtayasoma kwenye kanuni za chuo chenu, sina haja ya kuyakariri hapa.

Kisichoandikwa kwenye kanuni ni hesabu ya muda. Mwanafunzi wa muda wote anapewa miaka mitatu, minne akibahatika. Sokwe jike huzaa mara moja katika miaka mitano hivi, na hapati mtoto wa kwanza mpaka awe na miaka kumi na kitu. Kwa hiyo anayetaka kujua ni mama yupi hulea vizuri, au dume gani huzaa watoto wengi, atamaliza ufadhili wake kabla mnyama hajamaliza hata hatua moja ya maisha. Nimeona mapendekezo mazuri, yenye lugha nzuri na bajeti nzuri, ambayo mwandishi hakuwahi kupiga hesabu hii ndogo.

Sasa hao wenye udaktari wa Gombe, na ni wengi, waliwezaje? Waliwezeshwa na daftari za watu wengine. Mei 1975 waasi kutoka Zaire, watu wa Laurent Kabila, walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakateka vijana wanne wa kituo cha utafiti cha Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wengi wa kigeni wakaondoka Gombe. Data haikukatika. Hilali Matama, Eslom Mpongo na wenzao, watu wa vijiji vya mwambao huu, waliendelea kutoka alfajiri kufuata sokwe hadi wanapojenga viota, wakiandika nani yuko na nani, anakula nini, amegombana na nani. Waliandika kwa Kiswahili. Rekodi hizo zilipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota miaka ya 1990, baadaye Duke, na huko wanafunzi wa uzamivu wakaandika tasnifu zao kutokana na daftari hizo za Kiswahili. Sisi tunaoambiwa kila siku kuwa sayansi haiandikiki kwa lugha yetu tungelitaja jambo hili mara nyingi zaidi. Mtanzania Deus Mjungu naye alipata udaktari wake Minnesota mwaka 2010, kwa kazi juu ya ushindani wa jamii mbili jirani za sokwe wa Gombe.

Hapa ndipo sharti kongwe kuliko yote linapohitaji kufikiriwa upya: kwamba tasnifu iwe kazi ya mtahiniwa mwenyewe. Ikiwa daftari ni za wengine, chake ni kipi? Kwa maoni yangu chake ni swali, na pamoja na swali, kujua data ilizaliwaje. Miaka ya 1960 sokwe wa Gombe walikuwa wakipewa ndizi kambini. Mwaka 1974 Richard Wrangham, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Cambridge, alichapisha makala akionyesha kuwa ndizi zile ziliwakusanya sokwe na nyani mahali pamoja na kuongeza ugomvi. Anayechukua takwimu za ugomvi za miaka ile bila kujua habari za ndizi ataandika tasnifu ya ndizi akidhani ni ya sokwe. Mtahini mzuri haulizi tu umepata nini. Atakuuliza nani aliandika, alisimama wapi, na alipoumwa nani alishika zamu.

Ushauri wangu kwa vijana wa hapa ni kwamba mtazame majini kabla ya kupanda mlimani. Dagaa wa Tanganyika huishi kiasi cha mwaka mmoja hivi, kwa hiyo katika miaka mitatu utaona vizazi vikipishana. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapahapa Kigoma, na kwenye mwalo wa Kibirizi samaki wanashushwa asubuhi pasipo mwezi mkali. Hata anayetaka historia ndefu ziwa limemtunzia. Chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni, hakuna wadudu wa kuchimbuachimbua, kwa hiyo matope hutulia tabaka juu ya tabaka. Kwa matope hayo pamoja na vipimo vya zamani, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature mwaka 2003 kwamba kupanda kwa joto kumepunguza uzalishaji wa ziwa kwa takriban asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki huenda yameshuka kwa asilimia 30. Makala nyingine ya matope, ya mwaka 2016, ikaonyesha samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi. Wavuvi wetu walikuwa wakilaumiwa peke yao. Wapo bado wanaowalaumu peke yao, na hapo kuna tasnifu inayosubiri mtu: wavuvi wenyewe wameona nini, mwaka kwa mwaka, na kinalinganaje na yaliyomo kwenye matope?

Namalizia na pendekezo moja, ambalo naomba liingie kwenye kumbukumbu za semina hii. Vyuo vinavyosajili mtahiniwa mwenye data ya Kigoma viweke sharti kwamba kabla ya kutetea tasnifu yake chuoni aje kuieleza hapa, kwa Kiswahili, kwa saa moja. Gharama yake ni nauli tu. Reli imefika Kigoma tangu 1914. Ukumbi kama huu unatosha, na haki ya kuuliza kwanza wapewe walioshika daftari na walioshika nyavu.