Tunapima Nini Tunapompima Mtoto?



Nimeombwa nizungumzie namna saikolojia inavyoeleza utambuzi, tabia na aina za akili za binadamu. Kila moja kati ya hizo tatu ni somo la miaka, nami nimepewa nusu saa. Nitashika uzi mmoja tu: alama anayopata mtoto katika kipimo cha akili hubeba pia mazoezi aliyoyapata maishani, hata pale mtunzi wa kipimo anapodhani ameyaondoa.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha matokeo ya utafiti uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Kazi ilikuwa kunakili maumbo: mtoto anaonyeshwa umbo, naye analiiga. Kilichobadilika ni vifaa. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza waliongoza. Kwa waya, watoto wa Zambia wakawapita. Kwa udongo wa mfinyanzi hapakuwa na tofauti, kwa kuwa wote walikuwa wameuzoea. Aliyewahi kuwatazama watoto wa mtaani wakiunda gari la waya, lenye usukani unaokata kona kweli, hatashangaa. Lakini tujiulize mtafiti aliyekwenda na penseli peke yake angeandika nini kwenye ripoti yake. Angeandika kwamba watoto wa Zambia ni wazito wa kutambua maumbo. Takwimu zake zingekuwa sahihi, na hukumu yake ingekuwa ya uongo.

Hata macho yana malezi yake. Mwaka 1889 Franz Müller-Lyer alichora mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na ncha za mshale zilizoelekea ndani na mwingine zilizoelekea nje. Wengi wetu tunaona mmoja ni mrefu zaidi, na hata tukishapima kwa rula bado tunauona hivyo hivyo. Watafiti Segall, Campbell na Herskovits walipeleka michoro ya aina hii kwa jamii nyingi, nyingi kati yake zikiwa za Afrika, wakachapisha matokeo mwaka 1966. Wakazi wa Evanston, Marekani, ndio waliodanganyika zaidi. Wasan wa kusini mwa Afrika hawakudanganyika sana. Watafiti hao walidhani sababu ni kukulia kwenye nyumba za kuta nyoofu na pembe kali. Maelezo hayo yanabishaniwa mpaka leo, ila tofauti yenyewe ilionekana.

Kwenye tabia ndiko sisi walimu tunakoteleza zaidi. Jean Piaget alikuwa akipanga vitu katika safu mbili sawa, anamuuliza mtoto kama idadi ni sawa, kisha anaitawanya safu moja na kuuliza tena. Watoto wadogo walisema safu ndefu ina vitu vingi zaidi, naye akahitimisha kwamba hawajafikia hatua ya kuelewa idadi. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank waliliondoa swali la kwanza. Wakauliza mara moja tu, baada ya kutawanya. Makosa yakapungua. Inaelekea mtoto alikuwa anamsoma mtu mzima: ameniuliza tena, basi jibu langu la kwanza halikumridhisha. Sasa mchukueni mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba mkubwa habishiwi, mketisheni mbele ya mgeni mwenye karatasi, mgeni anayeuliza mambo ambayo ni dhahiri anayajua. Akinyamaza, ameshindwa au ameonyesha adabu? Serpell aliwauliza watu wazima wa vijijini mashariki mwa Zambia ni mtoto yupi wangemtuma kazi nyeti. Chaguo zao hazikuendana na alama za vipimo. Wao walitafuta mtoto mwepesi wa kuelewa ambaye pia anaaminika, na hilo la pili halimo kwenye karatasi ya mtihani.

Tukirudi kwenye vipimo vyenyewe, Alfred Binet, aliyetunga na Théodore Simon kipimo cha mwaka 1905 mjini Paris, alitaka kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Hakudai amepima kitu kisichobadilika. Waliokichukua Marekani, akina Henry Goddard na Lewis Terman, ndio waliokigeuza kuwa muhuri wa kudumu.

Najua wengi hapa mnasubiri nimtaje Howard Gardner na kitabu chake cha mwaka 1983, kinachosema binadamu ana akili saba tofauti. Kitabu chake kimewafariji walimu wengi, nami sioni ubaya wa kufarijiwa. Lakini ushahidi wa kwamba akili hizo zinajitegemea ni mchache. Tangu Charles Spearman mwaka 1904, imeonekana mara nyingi kwamba anayefanya vizuri katika kipimo kimoja huelekea kufanya vizuri katika vingine. Na lile zoea la semina zetu la kuwagawa wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, uchambuzi wa Pashler na wenzake wa mwaka 2008 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwafundisha kwa mgawo huo kunawafaidi. Tumeondoa muhuri mmoja, tumeleta mitatu.

Kinachonivutia zaidi kuliko hesabu ya akili ni utafiti wa Usenge, magharibi mwa Kenya, ulioongozwa na Robert Sternberg na kuchapishwa mwaka 2001. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 walipimwa ujuzi wao wa dawa za miti shamba kwa maradhi yanayowasumbua kila siku. Waliojua dawa vizuri hawakuongoza katika vipimo vya darasani. Katika baadhi, walikuwa nyuma. Watafiti walilieleza hili kwa muda na matarajio ya familia. Nyumba isiyoona shule itamlipa mtoto humpa ujuzi mwingine, na saa za siku ni zile zile. Kuwaita watoto hawa wazito ni upuuzi. Kusema wamezaliwa na akili ya mimea ni upuuzi wenye adabu.

Tena alama zenyewe husogea. Huko Embu, Kenya, Tamara Daley na wenzake walilinganisha watoto waliopimwa mwaka 1984 na wengine wa mwaka 1998, na alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Walichokitaja ni chakula bora zaidi, afya, na wazazi waliosoma zaidi.

Kwa kazi ya vikundi, naomba kila mmoja achukue swali moja kutoka mtihani aliotunga muhula uliopita. Andikeni mtoto anapaswa awe amezoea kitu gani kabla ya kulisoma: picha, kifaa, namna ya kujibu mkubwa. Kisha litungeni upya kwa kifaa kingine, mkapime darasa lile lile kwa matoleo yote mawili. Majina yatakayobadilisha nafasi kati ya orodha ya kwanza na ya pili ndiyo tutakayoyajadili kikao kijacho.