Jiko la Nani? Mwanafunzi wa Afrika Mashariki na Chumba cha Kupanga Toronto



Kila anayekwenda kusoma Toronto huulizia kwanza bei ya chumba. Mimi naanza na jiko: utapika na nani? Sheria ya upangaji ya Ontario, jimbo la Kanada ulipo mji wa Toronto, ya mwaka 2006, inamlinda mpangaji kuliko tulivyozoea hapa Dar es Salaam. Lakini haimhusu mtu anayelazimika kutumia jiko au bafu moja na mwenye nyumba anayeishi humo humo, au na mke, mume, mtoto au mzazi wa mwenye nyumba huyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuambiwa afungashe mizigo kwa notisi fupi, na baraza linaloamua mashauri ya wapangaji na wenye nyumba halitampokea. Mwenye nyumba akiishi kwingine, na jiko mkalitumia wapangaji peke yenu, mambo yanageuka: sheria iko upande wako, mradi mkataba umeufunga na mwenye nyumba, si na mpangaji mwenzako.

Sasa sisi ni watu wa kufikia kwa ndugu. Mjomba yuko Scarborough, binamu wa mama yuko Brampton, basi safari imeiva. Silipingi hilo hata kidogo. Kwa wiki za mwanzo hakuna hoteli inayomshinda mjomba. Ugumu huanza mgeni anapogeuka mlipaji. Mjomba mwenyewe mara nyingi ni mpangaji, unampa fedha mkononi kila mwezi bila karatasi, na siku mkikosana huna pa kwenda kulalamika. Wazazi mlioko hapa, semeni na ndugu yenu kabla tiketi haijakatwa: kijana atakaa mpaka lini, atachangia kiasi gani, chakula kimo au hakimo. Kijana hawezi kuyasema hayo mbele ya mjomba wake bila kuonekana hana adabu.

Kufikia kwa watu wa kwenu kuna historia ndefu kule. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliandika mwaka 1991 riwaya ya No New Land, inayowafuata Wahindi wa Dar es Salaam waliojazana katika jengo moja la fleti eneo la Don Mills, Toronto. Katika kizazi hicho wapo waliohama baada ya Serikali kutaifisha nyumba za kupangisha mwaka 1971. Waliokuwa wakidai kodi Upanga na Kariakoo wakaenda kudaiwa kodi ughaibuni.

Nije kwenye fedha. Hapa kwetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima, na dalali naye anasubiri mwezi wake. Ontario, amana anayoruhusiwa kudai mwenye nyumba haizidi kodi ya mwezi mmoja. Amana hiyo hulipia mwezi wako wa mwisho, na kila mwaka anapaswa kukulipa riba yake. Amana ya ufunguo inakubalika, ilimradi isizidi gharama ya kutengeneza mwingine na irudishwe. Amana ya kufidia uharibifu hairuhusiwi. Tangu 30 Aprili 2018 nyumba nyingi za kupanga hutumia fomu moja ya mkataba iliyowekwa na jimbo. Usipopewa, iombe kwa maandishi.

Matapeli wanaijua desturi yetu ya kulipa mbele. Chumba kinavutia pichani, bei iko chini ya soko, mwenye nyumba “yuko safarini”, na funguo zitaletwa ukishatuma fedha. Matangazo ya vyumba yamejaa mtandaoni, hata kwenye tovuti iitwayo Kijiji (ndiyo, jina ni letu), na ya kweli yamechanganyika na ya uongo. Ushauri wangu hauna kona: usitume fedha kutoka Dar es Salaam kwa chumba ambacho wewe au mtu wako hajaingia ndani. Bweni la chuo ni suala jingine, ingawa nalo lina kanuni zake.

Kuhusu bei, niseme hili tu: kuanzia Januari 2024 Kanada ilipandisha fedha za kujikimu ambazo mwanafunzi huonyesha, mbali na ada, kutoka dola 10,000 hadi 20,635 kwa mwaka, na kiwango kimepanda tena baadaye. Kwa Toronto, msihesabu kwamba kitabaki chochote.

Toronto ya leo iliundwa mwaka 1998 kwa kuunganisha manispaa kadhaa, na kila moja iliingia na sheria zake ndogo. Ndiyo maana, kwa zaidi ya miaka 20, nyumba za kupangisha chumba chumba zilikatazwa Scarborough na North York, ambako vyuo vikubwa vipo. Wanafunzi waliishi humo hivyo hivyo, kimya kimya, wengi katika ghorofa za chini ya ardhi. Tangu 31 Machi 2024 zinaruhusiwa jiji zima, kwa leseni. Basi ulizia leseni, na ukishuka ngazi tazama kama moto ukiwaka utapata pa kutokea.

Katika sensa ya 2021, asilimia 46.6 ya wakazi wa jiji walikuwa wahamiaji. Ugeni wako hautamshangaza mtu. Wala usingoje kukaribishwa. Jikoni utakutana na Mpunjabi, Mfilipino na Mnaijeria, kila mmoja na harufu yake, na dagaa wako watajadiliwa. Gawaneni rafu za friji mapema. King'ora cha moshi kikilia unakaanga samaki, fungua dirisha. Kukizima ni kosa kisheria. Mchicha utaupata kwenye maduka ya Wakaribiani, hasa Eglinton Magharibi, ambako Wajamaika huuita callaloo.

La mwisho ni mkataba wenyewe. Masomo ni miezi 8, mkataba kwa kawaida ni 12, na huwezi kuukatisha Aprili kwa sababu mitihani imekwisha. Utahitaji kibali cha mwenye nyumba ili kumwachia mwingine. Mwaka ukiisha hulazimiki kusaini upya: unaendelea mwezi kwa mwezi kwa masharti yale yale, na ukitaka kuhama unatoa notisi ya maandishi ya siku 60.